Kuandika Tamthilia ya Kuchekesha kwa Wahusika Wasiopatana: Mwongozo Kamili

Mwandishi anayejaribu kichekesho cha jukwaani kwa mara ya kwanza aghalabu huanza na orodha ya tabia. Huyu mchoyo, yule mkarimu. Huyu mwoga, yule jasiri. Kisha anawakalisha sebuleni na kungoja kicheko kije chenyewe. Hakiji. Kufikia ukurasa wa tano wahusika wamekwisha kutukanana vya kutosha, na hakuna kinachomzuia mmoja wao kuchukua mkoba wake akaenda zake.

Tofauti ya tabia peke yake haichekeshi. Huchekesha pale watu wanaotofautiana wanaposhindwa kuachana, na kila mmoja, kwa kuwa tu alivyo, akawa anamharibia mwenzake kitu ambacho mwenzake hawezi kukiacha kiharibike. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kazi ya mtunzi wa kichekesho ni kuwatia zizini wote wawili na kulifunga kwa komeo. Nitalizungumzia sana komeo hilo, kwa sababu ndilo linalosahauliwa.

Mfano tutakaokwenda nao nimeubuni kwa ajili ya mwongozo huu, ili kila hatua uione ikijengwa juu ya iliyotangulia.

Hatua ya 1: Tafuta kinachowafunga kabla ya kutafuta tabia

Chukua karatasi tupu na uandike swali moja: kwa nini hawa wawili hawaondoki leo? Usiandike chochote kingine mpaka upate jibu linaloenea katika sentensi moja. Likihitaji aya nzima, hadhira italipoteza kabla onyesho la kwanza halijaisha.

Vifungo vinavyotumika sana jukwaani ni vya damu, deni, kazi, paa moja na siri. Hivyo vyote ni vizuri. Mapenzi nayaweka mwisho, si kwa kuwa hayafai, ila kwa kuwa hadhira huyatarajia tangu pazia linapofunguliwa. Mapenzi hufanya kazi vizuri zaidi yanapochipuka ndani ya kifungo kingine, watu wakiwa wamekwisha kuamini kwamba hawa wanavumiliana kwa sababu ya fedha tu.

Kifungo kizuri huuma pande zote mbili. Katika *The Odd Couple* ya mtunzi wa Marekani Neil Simon, iliyofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, mwaka 1965, Oscar anamkaribisha Felix nyumbani kwake baada ya Felix kuachwa na mkewe. Usafi wa kupindukia wa Felix unamtia wazimu Oscar, lakini hawezi kumtoa nje kirahisi, kwani usiku ule wa kwanza Felix alikuwa anatishia kujiua. Ona jinsi kitu kizito kama hicho kinavyobeba kichekesho kizima. Pasipo hofu hiyo, Oscar angemfungulia mlango asubuhi ya pili, na tamthilia ingeishia hapo.

Mfano wetu ni huu. Tabu na Faraji walikuwa mume na mke na sasa wameachana. Wanaendesha pamoja duka la kukodisha magauni ya harusi, kwa sababu mkopo wa duka waliutia saini wote wawili na atakayejitoa kabla haujaisha anapoteza fungu lake lote. Kwa hiyo kila asubuhi watu wawili ambao ndoa yao imevunjika wanafungua duka la kuwapamba wanaooana.

Hatua ya 2: Chagua mhimili mmoja wa tofauti, na uuandike kama kitendo

Hapa kishawishi ni kuwatofautisha wahusika kwa kila kitu: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja msomi, mwingine hajui kusoma, mmoja tajiri, mwingine hana kitu. Ukifanya hivyo hadhira haijui iangalie wapi. Chagua jambo moja tu wanalokinzana, halafu waache wafanane katika mengi yaliyobaki. Kufanana ndiko kunakoifanya tofauti ionekane. Tabu na Faraji ni wa umri mmoja, wote wakaidi, wote wanalipenda duka, wote wanaijua kazi. Wanapishana katika jambo moja:

Faraji hawezi kumwambia mtu hapana.
Tabu hawezi kusema uongo.

Sikuandika kwamba Faraji ni mpole wala kwamba Tabu ni mwadilifu. Sifa haiigiziki. Ukimwambia mwigizaji kuwa mhusika wake ni mpole, ataanza kutabasamu ovyo. Ukimwambia kuwa mhusika wake hawezi kutamka neno hapana, ana kazi ya kufanya kila dakika anapokuwa jukwaani, hata asipokuwa na la kusema.

Usikimbilie kuamini kwamba umepata mhimili mzuri. Andika hali tano za kawaida (mteja anaomba kupunguziwa bei, mgeni anaingia muda wa kufunga, mtu anaomba mkopo mdogo, jirani anauliza anaonekanaje, mtoto anauliza kwa nini mliachana) na uone kila mhusika angefanya nini. Katika tatu kati ya hizo wakifanya kitu kilekile, mhimili ni dhaifu. Na wakitofautiana bila mmoja kumwathiri mwingine, mhimili una nguvu lakini kifungo hakina. Rudi Hatua ya 1.

Simon mwenyewe aliiandika upya tamthilia yake mwaka 1985 akiwaweka wanawake wawili badala ya wanaume wawili. Majina yakabadilika, mambo mengi ya nje yakabadilika, lakini mhimili wa nadhifu na mchafu ukabaki ukivuta tamthilia vilevile. Hilo ni jaribio unaloweza kulifanya mezani bila gharama. Badilisha jinsia, umri na kazi za wahusika wako wakuu. Kama kichekesho kinakufa, basi kilikuwa kimejengwa juu ya sura zao.

Hatua ya 3: Mpe kila mmoja haki yake

Mhusika ambaye hakosei kamwe huchosha, na ambaye hana haki kamwe huchosha zaidi. Andika nusu ukurasa ambamo Faraji anamweleza mtu baki kwa nini njia yake ni sahihi. Atasema biashara ni watu, kwamba mteja aliyekataliwa harudi, kwamba mengi tunayoyaahidi hujipanga yenyewe mbele ya safari. Kisha mpe Tabu nusu ukurasa wake: ahadi hewa ni deni, na wao tayari wana deni. Ukisoma zote mbili ujikute huna hakika umuunge mkono nani, uko tayari kuendelea.

Kasoro ya mhusika na itoke kwenye shina lilelile la wema wake. Ukarimu wa Faraji ndio unaomfanya mwongo. Ukweli wa Tabu ndio unaomfanya awe katili bila kujua. Mzozo wa aina hii haumalizwi kwa mmoja kukiri kosa, kwa hiyo unaweza kubeba saa mbili.

Wahusika wadogo hawahitaji haya yote. Mpeleka barua anayeingia mara mbili anatosha kuwa bapa, yaani wa sifa moja tu.

Hatua ya 4: Panga nani yuko juu na nani yuko chini, kisha upindue

Kila uhusiano jukwaani una ngazi. Waigizaji wa *commedia dell'arte*, vichekesho vya vinyago vya Italia, kuanzia karne ya 16, waliishi kwa ngazi hizo. Pantalone, mzee mfanyabiashara wa Venice, alikuwa juu kwa fedha na chini kwa akili. Mtumishi wake Arlecchino alikuwa chini kwa kila kitu isipokuwa wepesi wa kujinasua. Vinyago vilimwambia mtazamaji ngazi ya kila mmoja alipoingia tu, hivyo waigizaji wangeweza kuanza kuipindua mara moja.

Keith Johnstone, aliyewafundisha waigizaji katika Royal Court Theatre mjini London, alikuta mazoezi yao ya mazungumzo ya kawaida yamepooza mpaka alipowaomba kila mmoja ajiweke *kidogo* juu au *kidogo* chini ya mwenzake. Neno la kushika hapo ni kidogo. Bosi anayemfokea karani wake hana jipya. Karani anayemrekebishia bosi tarehe, kwa adabu zote, mbele ya wageni, tayari ana watu wake ukumbini.

Katika mfano wetu ngazi ya nje ni hii: juu kabisa yuko Mzee Shaka, mwenye jengo, anayedai kodi ya miezi kadhaa. Chini yake Tabu na Faraji. Chini kabisa yuko Kibwana, fundi cherehani wa duka. Sasa tuipindue. Kibwana ameunguza kwa pasi gauni bora la duka, mgongo wote, na anayejua ni yeye tu. Mwanzoni siri hiyo inamfanya anyenyekee kupita kiasi. Baadaye, Faraji akishajua na kumsihi asimwambie Tabu, fundi anaanza kuinuka. Anaomba ruhusa ya Ijumaa. Anapata. Anaomba nyongeza ya mshahara. Faraji, ambaye hawezi kusema hapana hata kwa mtu asiyemtisha, anakubali kabla Kibwana hajamaliza sentensi. Kufikia katikati ya tamthilia fundi ameketi kwenye kiti cha tajiri wake, na tajiri ndiye aliyeshika pasi.

Ngazi hizi kwa Kiswahili hukaa pia katika namna watu wanavyoitana, na mwandishi asiyezitumia anaacha silaha mezani. Faraji humwita mwenye jengo "Mzee wangu". Tabu humwita "Mzee" tu. Kibwana anaanza tamthilia akisema "bosi", anafika "Baba Neema", na siku moja linamponyoka "Faraji" kavu. Usiandike maelezo yoyote hapo. Mwache Faraji alisikie, na hadhira imwone akilisikia. Tabu na Faraji wao wanaitana Mama Neema na Baba Neema, kwa jina la binti yao, hata wakiwa kwenye ugomvi. Wameachana, lakini hawana jina lingine la kuitana.

Hatua ya 5: Ingiza mtu wa tatu, na ugawe siri

Wawili wakipingana peke yao wanazunguka mahali pamoja. Mtu wa tatu huwalazimisha kutenda. Mpe mtu huyo haja inayoigusa ile tofauti ya wale wawili moja kwa moja.

Mzee Shaka anamwozesha mjukuu wake Jumamosi. Alipokuja kudai kodi, Faraji, badala ya kusema hana fedha, alimwahidi gauni bora la duka kwa siku hiyo. Tatizo ni kwamba Tabu alikwisha kumwahidi gauni hilohilo Neema, binti yao, anayeolewa Jumamosi hiyohiyo. Na gauni lenyewe, kama tunavyojua, halina mgongo.

Sasa tengeneza jedwali. Safu za kulala ziwe wahusika wote, safu za kusimama ziwe siri zote, na katika kila kisanduku andika onyesho ambalo mhusika anaijua siri hiyo. Hili ndilo zoezi lenye faida kubwa kuliko yote katika mwongozo huu, na ndilo wengi hulikwepa kwa kuwa linafanana na hesabu. Katika mfano wetu mwanzoni linasomeka hivi: Faraji anajua ahadi mbili, hajui kuhusu pasi. Kibwana anajua kuhusu pasi, hajui ahadi mbili. Tabu hajui lolote. Mzee Shaka hajui lolote na anadhani anajua yote.

Jedwali likishakaa sawa linakupa jambo ambalo usingelipata kwa kukaa na kuwaza vichekesho. Tabu hawezi kusema uongo. Maana yake, kwa wengine wote, kumwambia Tabu siri ni sawa na kuitangaza. Kwa hiyo kila mtu dukani lazima amzuie asijue: apelekwe benki, aitwe na simu za uongo, afungiwe chumba cha kujaribia nguo. Hakuna anayemchukia. Tabia yake njema peke yake inawafanya watu wazima wafiche gauni ndani ya sanduku la takataka. Unapofikia hapo, tabia ya mmoja inazalisha matendo ya mwingine, na ploti, yaani mfuatano wa matukio, inaanza kujiandika.

Kumbuka kuiacha hadhira ijue zaidi ya mhusika mmojawapo karibu muda wote. Mshangao hutoa kicheko kimoja. Kinaya, yaani hadhira kujua asilolijua mhusika, hutoa kumi. Molière, mtunzi wa vichekesho wa Ufaransa, alilijua hilo vizuri. Katika *L'Avare* (Bahili) ya mwaka 1668, kijana Cléante anatafuta mkopo kwa siri kupitia dalali, na masharti yaliyosomwa mbele yake ni ya kinyonyaji kiasi cha kuchekesha; sehemu ya fedha atapewa kwa makorokoro ya nyumbani. Mkopeshaji asiyejulikana ni baba yake mwenyewe, Harpagon, naye Harpagon hajui kuwa mkopaji ni mwanawe. Wanapokutana uso kwa uso, kila mmoja anamshutumu mwenzake kwa haki kabisa. Bahili na mbadhirifu wangeweza kuzozana juu ya fedha mezani tu, kama baba na mwana wanavyozozana siku zote. Molière aliufanya uhusiano wao uwe wa aina mbili kwa wakati mmoja, damu na deni, na akauficha mmoja nyuma ya mwingine.

Jifunze kwake pia subira. Katika tamthilia yake nyingine, *Tartuffe*, mnafiki mwenyewe haonekani jukwaani mpaka tendo la tatu, yaani sehemu kuu ya tatu ya tamthilia. Kwa matendo mawili tunawasikia wengine tu, wachache wakimsifu na wengi wakimlaani, na kwa jinsi kila mmoja anavyomzungumzia tunawajua wao. Mzee Shaka wetu naye asiingie mapema. Asikike kwanza kwenye simu, kwenye hofu ya Faraji, kwenye jinsi Kibwana anavyofagia haraka linapopita gari barabarani.

Hatua ya 6: Andika mazungumzo ambayo hayawezi kubadilishana wenyewe

Tofauti ya wahusika isikike kwenye mwendo wa sentensi kabla haijasikika kwenye maana. Mtu asiyeweza kusema hapana huongea kwa kurefusha, kwa sababu kila sentensi ni njia ya kuahirisha. Mtu asiyesema uongo huongea kwa mkato.

MZEE SHAKA: Gauni la mjukuu wangu liko tayari?

FARAJI: Tayari kabisa, Mzee wangu, tena limekuwa tayari tangu juzi, tena kama si kuiheshimu siku yenyewe ningekwambia ulichukue sasa hivi uondoke nalo...

MZEE SHAKA: Basi nilichukue.

FARAJI: ...ila haraka ya nini, Mzee wangu? Keti kwanza. Kibwana, kiti!

TABU: (*Akiingia.*) Gauni gani?

*Kimya.*

FARAJI: Mama Neema! Si ulikwenda benki?

TABU: Nimerudi. Gauni gani?

KIBWANA: Kiti hiki hapa.

Hakuna mzaha hata mmoja katika kipande hicho, na ndivyo ninavyopendelea. Anayejaribu kuchekesha hayumo. Faraji anajiokoa, Mzee anataka mali yake, Tabu anauliza swali halali mara mbili, Kibwana anatekeleza agizo akiwa amechelewa kwa mistari mitatu. Ukijikuta umempa mhusika maneno ya kijanja ambayo yeye mwenyewe anayafurahia, yafute, au mpe mhusika ambaye kujiona mjanja ndiyo kasoro yake.

Kuna ngazi ya juu zaidi ya mazungumzo ya aina hii, nayo hufika mhusika anapolazimika kutumia silaha yake kinyume na alivyozoea. Tuseme tumefika tendo la pili. Tabu amekwisha kujua yote. Hawezi kudanganya, lakini akisema ukweli wote duka limekwenda.

MZEE SHAKA: Mama Neema, wewe sijawahi kukusikia ukisema uongo. Gauni mmelishughulikia?

TABU: Mzee, tangu jana humu ndani hakuna aliyewaza kitu kingine.

MZEE SHAKA: Na ule upande wa nyuma uliokuwa unapwaya?

TABU: Haupwayi tena.

KIBWANA: (*Kando.*) Haupo.

Tabu hakuvunja kanuni yake. Kila alilosema ni kweli. Hadhira inamwona mtu mnyoofu akigundua, kwa kitisho na kwa raha kidogo, kwamba ukweli nao unaweza kupindwa, na kwamba ana kipaji hicho. Faraji aliyesimama pembeni anamtazama mkewe wa zamani kwa jicho ambalo hajamtazama nalo kwa muda mrefu. Hapo ndipo mapenzi, kama unayataka, yaingie.

Ukimaliza onyesho lolote, funika majina ya wasemaji kwa kipande cha karatasi na umpe mtu mwingine asome. Akishindwa kujua nani anasema katika mistari mingi, usiongeze lafudhi wala misemo ya kurudiarudia. Hayo ni mapambo. Rudi uulize kila mmoja anataka nini katika mstari huo, kwa sababu mara nyingi utakuta wawili wanataka kitu kilekile na ndiyo maana wanasikika sawa.

Hatua ya 7: Waone wakiwa kimya

Tamthilia inaandikwa kwa macho pia. Kwa kila onyesho kuu, jiulize kama mtazamaji asiyesikia neno angejua nani ni nani. Faraji husogea kila mtu anapoingia, hutoa mikono, hufungua milango. Tabu husimama mahali pamoja na watu humzunguka. Andika maelekezo ya jukwaani machache na yawe ya vitendo. Mwigizaji hawezi kufanya chochote na maelekezo kama "kwa hisia mchanganyiko".

Chagua kitu kimoja ambacho wahusika wote wanakigusa kwa namna tofauti. Kwetu ni gauni. Faraji hulibeba kama mtoto mchanga, Tabu hulipima, Kibwana husimama mbele yake akiwa amelificha, Mzee Shaka hulihesabu thamani. Milango iwe mitatu, ya barabarani, ya stoo na ya chumba cha kujaribia, na uihesabie matumizi. Mlango usiofunguliwa na mtu asiyestahili kuufungua walau mara moja, uondoe kwenye mchoro wa jukwaa.

Hatua ya 8: Pandisha, kisha wabadilishane

Mgogoro wa kichekesho hupanda kwa tendo lilelile kurudiwa kwa gharama kubwa zaidi. Faraji anakubali jambo dogo mwanzoni (kumpunguzia mteja bei). Kisha la kati (ahadi kwa Mzee). Kisha lisilowezekana: anamkubalia Neema na Mzee Shaka kwamba wote waje kulichukua gauni saa nne asubuhi. Usimbadilishie kosa. Mwongeze kiwango.

Kilele hufika pale kila mmoja anapolazimika kufanya kile ambacho mwenzake angekifanya. Tabu amekwisha kuupinda ukweli. Faraji bado anadaiwa hapana yake, na hadhira inaisubiri hata kama haijui kuwa inaisubiri. Amwambie nani hapana hiyo? Jibu rahisi ni Mzee Shaka, na lingepata makofi. Mimi ningelikataa, kwa sababu linafanya tamthilia iwe habari ya mnyonge kumshinda mwenye nguvu, na sisi hatukuanza na habari hiyo. Tulianza na watu wawili waliofungwa pamoja. Basi acha Tabu, mambo yote yakiwa yamefichuka na binti yao akiwa amechagua kuolewa na nguo ya kawaida, aseme kuwa amechoka, kwamba yuko tayari kupoteza fungu lake na kuondoka. Anamuuliza Faraji kama anakubali. Faraji, ambaye amemkubalia kila mtu kila kitu tangu pazia lifunguliwe, anasema hapana. Komeo limefunguliwa, na wa kwanza kulirudishia ni mfungwa mwenyewe.

Mabadiliko yawe madogo. Mwishoni mwa *The Odd Couple* Oscar hajageuka kuwa mtu nadhifu. Anawakemea tu wenzake wa karata waangalie wanakotupa vipande vya sigara. Mstari mmoja unatosha kuonyesha kuwa Felix amemwachia kitu. Mtunzi anayembadilisha mhusika mzima kwa onyesho moja la mwisho anaiambia hadhira kuwa saa mbili zote zile hazikuwa na uzito.

Hatua ya 9: Soma kwa sauti na watu, halafu ukate

Kusanya wasomaji kwa idadi ya wahusika na wewe usisome nafasi yoyote. Kaa pembeni na kalamu mbili za rangi. Moja itie alama wanapocheka, nyingine wanapohama kwenye viti. Usisimame kueleza kitu, hata wakiuliza.

Wakishamaliza, angalia vicheko viliangukia wapi. Vikiwa vingi kwenye mistari ya kijanja na vichache pale mhusika anapoingia au kunyamaza, uhusiano wa wahusika bado haujafanya kazi yake. Vikija kabla mhusika hajasema, kwa kuwa watu wanajua atasema nini na hawawezi kungoja, wahusika wako wameshika. Sehemu za kuhamahama kwenye viti mara nyingi ni zile ambazo wawili wanaelezana jambo ambalo wote wanalijua, kwa ajili ya hadhira. Mpe mmoja wao sababu ya kulikana.

Halafu wape wasomaji wawili wakuu wabadilishane nafasi na wasome tena onyesho moja tu, la katikati. Faraji asomwe na aliyekuwa Tabu. Kama onyesho linakwenda vilevile bila mtu kujikwaa, sauti zao bado zimekaribiana mno. Chukua onyesho hilo peke yake, urudi nalo kwenye Hatua ya 6, na uache mengine kama yalivyo.